Nyumba ya Familia Inauzwa: Utaitisha Bei Gani?

Watu wengi huuza nyumba ya familia mara moja tu maishani. Ukikosea bei ya simu au ya pikipiki, utauza nyingine siku moja ukiwa mjanja zaidi. Nyumba haikupi hiyo nafasi ya pili. Ukiitisha bei ya chini, pesa za wazazi zimeenda. Ukiitisha ya juu sana, nyumba inakaa miezi kwa miezi, kodi za ardhi zinazidi kupanda, ndugu wanaanza kulaumiana, na mwishowe inauzwa kwa haraka kwa bei ambayo kila mmoja aliapa hataikubali.

Hapa kwetu tunazungumza sana kuhusu kutuma na kuweka pesa. Lakini kwa familia nyingi za Kenya, nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote, na siku inageuzwa kuwa pesa ndiyo siku inayohitaji hesabu makini zaidi. Kwa hivyo leo tuangalie swali moja tu: bei ya kuitisha unaipataje?

Kwanza, bei ambazo si bei

Kuna namba tatu ambazo familia nyingi huanza nazo, na zote tatu hupotosha.

Ya kwanza ni pesa mnazohitaji. "Tunataka milioni 14 kwa sababu tunajenga nyumba ya mzee ushago na kulipa bili ya hospitali." Mahitaji yenu ni ya kweli, lakini mnunuzi hayajui wala hayamhusu. Yeye anaangalia vyumba, maji, barabara na hati miliki.

Ya pili ni thamani ya kumbukumbu. Hapo ndipo mlikulia, mwembe ulipandwa na marehemu shosho, na kila harusi ya familia iliondokea pale. Hivyo vyote ni vyenu mtaenda navyo. Havihesabiwi kwenye mkataba.

Ya tatu ni bei ya matangazo. Mtu anafungua mtandao, anaona nyumba mtaa huo huo imeandikwa milioni 15, anasema, "Basi na yetu ni 15." Polepole. Ile ni bei ambayo mtu mwingine *anaitisha*. Huenda nyumba hiyo imekaa kwenye tangazo kwa miaka miwili bila mnunuzi. Bei iliyoandikwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili tofauti, na kinachokusaidia wewe ni kile kilicholipwa.

Bei iliyolipwa utaijua vipi?

Hapa kuna ugumu kidogo, kwa sababu Kenya watu hawatangazi waliuza kwa ngapi. Lakini kuna watu wanaojua, na kuwafikia si kazi ngumu.

*Mthamini aliyesajiliwa.* Huyu ni mtaalamu ambaye kazi yake ni kukadiria thamani ya ardhi na majengo, na sheria inamtaka awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Atakuja kwenye nyumba, apime, apige picha, aangalie hati, kisha akuandikie ripoti. Mara nyingi ripoti hiyo huwa na zaidi ya namba moja. Kuna thamani ya soko, yaani bei inayotarajiwa nyumba ikiuzwa kwa muda wa kawaida bila kulazimishwa. Kuna thamani ya kuuza kwa dharura, ambayo huwa chini, na ndiyo benki huangalia ikijiuliza italipwa vipi mkopo ukikwama. Kuna pia thamani ya bima, ambayo ni gharama ya kujenga upya. Usichanganye hizi tatu. Ya kuanzia hesabu yako ni thamani ya soko.

Ripoti hii si ya bure, ndiyo maana wengi huiruka. Lakini fikiria: ndugu wanne wakichanga, kila mmoja analipa sehemu ndogo, na wote wanapata namba moja ambayo haikutoka kwa mdomo wa ndugu yeyote. Kwa familia ambayo haiaminiani sana kwenye mambo ya pesa, hilo peke yake linatosha kulipia kazi ya mthamini.

*Majirani waliouza.* Ukiwa na mtu uliyekua naye mtaani na familia yake iliuza mwaka jana, mpigie. Muulize waliitisha ngapi, wakalipwa ngapi, na ilichukua miezi mingapi. Hayo maswali matatu yana thamani kuliko matangazo mia.

*Madalali watatu, si mmoja.* Dalali mmoja anaweza kukutajia bei ya juu ili umpe kazi, mwingine bei ya chini ili auze haraka achukue chake. Ukiwauliza watatu, kando kando, utaona namba zinazunguka wapi. Wakala wa nyumba anayefanya kazi hii kihalali naye anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba. Muulize cheti chake cha mwaka huu bila aibu.

*Mtu wa mikopo kwenye sacco au benki yako.* Hatakupa siri za wateja, lakini anajua kwa jumla nyumba za mtaa wenu zinathaminiwa kiasi gani zinapotumiwa kama dhamana.

Ukipata nyumba tatu zilizouzwa karibuni, usizikubali hivi hivi. Zilinganishe na yako. Ile iliuzwa na SQ ya kupangisha, yako haina. Ile paa lilikuwa linavuja, lenu mlibadilisha. Ile iko kando ya barabara kuu yenye kelele, yenu iko ndani kwenye njia iliyofungwa. Kwa kila tofauti, ongeza au punguza. Mwisho utakuwa na namba inayosimama kwa miguu yake.

Kitu kingine kinachopima bei: ile hati

Familia nyingi hupaka rangi kuta na kusahau karatasi, ilhali karatasi ndizo hushusha bei kuliko rangi.

Nyumba nyingi kwenye mitaa ya zamani ya Nairobi ziko kwenye ardhi ya kukodishwa kutoka kwa serikali, mara nyingi kwa miaka 99. Kama miaka hiyo ilianza kuhesabiwa miaka ya 1970, leo imebaki karibu nusu. Mnunuzi anayekopa benki ataulizwa miaka iliyobaki, kwa hivyo ijue kabla hajakuuliza.

Fanya upekuzi rasmi wa hati yenu wenyewe, hata kama mmeishi hapo tangu utotoni. Ardhi za Nairobi zimeingizwa kwenye mfumo wa Ardhisasa, ulioanza Aprili 2021. Upekuzi utakuonyesha jina la mwenye hati, kama kuna mkopo uliosajiliwa juu ya ploti, na kama kuna kizuizi chochote. Kuna familia hugundua wakati huu kwamba mkopo uliomalizwa zamani haukuwahi kuondolewa kwenye rejista. Ni heri ugundue wewe sasa kuliko wakili wa mnunuzi agundue baadaye, maana akigundua yeye, bei inaanza kushuka pale pale.

Halafu kuna mambo ya ruhusa:

- Kama nyumba ni mali ya ndoa, haiwezi kuuzwa bila idhini ya mume na mke wote wawili. Hiyo ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na haijalishi hati iko kwa jina la nani.
- Kama ardhi ni ya kilimo, mnahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo lenu.
- Kama mwenye hati alifariki, hakuna anayeweza kuuza mpaka mahakama itoe na kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Kifungua mimba hana ruhusa ya pekee hapa, hata kama ndiye aliyemuuguza mzee. Mnunuzi anayekubali kununua kabla ya hapo atataka bei ya kutupa, kwa sababu anajua anabeba hatari. Malizeni mirathi kwanza, ndipo mzungumze bei.

Hesabu ya kurudi nyuma: mfukoni itabaki ngapi?

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wengi hushtuka. Bei ya kuuza si pesa utakayopata. Kati ya mkataba na mfuko wako kuna watu na taasisi zinazosubiri sehemu yao.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko. Baba na mama wamestaafu. Walinunua nyumba Nairobi miaka ya tisini kwa Ksh 1,700,000, wakatumia Ksh 90,000 kwa gharama za kununua. Baadaye waliongeza vyumba mbele kwa Ksh 1,610,000, na risiti wanazo. Miaka minne iliyopita walihamia ushago, nyumba ikapangishwa. Sasa wanauza, na mnunuzi amekubali Ksh 10,500,000.

Watakaolipwa ni hawa:

- Dalali, tuseme walikubaliana asilimia 3: Ksh 315,000
- Wakili: Ksh 160,000
- Malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti, kwa sababu bila cheti cha kuonyesha hamdaiwi, nyumba haihamishwi: Ksh 185,000
- Kodi ya faida ya mtaji, ile wengi huiita CGT

Hiyo ya mwisho tuielewe vizuri. CGT inalipwa na muuzaji, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 5. Faida si bei yote. Ni bei ya kuuza ukitoa gharama za kuuza, bei mliyonunulia, gharama za kununua, na mlichotumia kuiboresha nyumba.

Kwa familia yetu: 10,500,000 toa 475,000 za dalali na wakili, toa 3,400,000 walizotumia kununua na kuongeza vyumba. Faida ni 6,625,000. Asilimia 15 yake ni Ksh 993,750.

Jumlisha zote, toa kwenye bei. Mfukoni inabaki Ksh 8,846,250. Milioni moja na nusu na zaidi imeenda, na hakuna aliyeiba.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa.

La kwanza, msamaha. Sheria inasamehe CGT kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa angalau miaka mitatu kabla ya kuiuza. Wazazi hawa wangeuza wakati wanahama, wangekuwa wametimiza sharti hilo. Kwa kupangisha kwa miaka minne, walilipoteza. Hatusemi kupangisha ni vibaya, labda kodi ya nyumba iliwafaa zaidi. Tunasema kama mnajua mtauza, wekeni hilo kwenye hesabu mapema. Kuna misamaha mingine pia, kwa mfano mtu binafsi anayeuza ardhi ya thamani isiyozidi Ksh milioni 3. Sheria za kodi hubadilika karibu kila mwaka, kwa hivyo thibitisha na KRA au wakili kabla ya kutia sahihi.

La pili, risiti. Kama familia hii ingekosa ushahidi wa zile Ksh 1,610,000 za vyumba vya mbele, kodi ingeongezeka kwa Ksh 241,500. Ndiyo maana tunasema kila siku, mlipe fundi na duka la mbao kwa njia inayoacha rekodi. Risiti na ankara ndizo za kwanza, lakini taarifa ya malipo ya simu yako inakusaidia kujua ni nani ulimlipa, lini na kiasi gani, hata miaka imepita. Pesa taslimu mkononi haisemi chochote miaka kumi baadaye.

Bei tatu, si moja

Baada ya hayo yote, familia iketi chini na iandike bei tatu kwenye karatasi.

*Bei ya mwisho.* Hii ni bei ambayo chini yake hamuuzi. Inatoka kwenye hesabu ya mfukoni. Kwa mfano wetu, kama wazazi wanahitaji angalau milioni 8.4 kumaliza mipango yao, wakifanya hesabu ile ile kwa bei ya Ksh 10,000,000, mfukoni inabaki Ksh 8,434,000. Basi bei yao ya mwisho ni milioni 10. Na kama soko linasema nyumba ni ya milioni 9? Hapo bei haitabadilika kwa sababu ya mahitaji yenu. Mnabadilisha mipango, au mnangoja.

*Bei mnayotarajia.* Hii ndiyo ile ya mthamini na nyumba zilizouzwa. Kwa mfano wetu, milioni 10.5.

*Bei ya kuitisha.* Hii ndiyo inaenda kwenye tangazo. Sote tunajua Mkenya hawezi kununua nyumba bila kuuliza "bei ya mwisho ni ngapi?" Hata ukiandika kwamba haipungui, atauliza. Kwa hivyo acha nafasi ya kupunguza, lakini iwe nafasi ya adabu. Sisi tungeanzia kama asilimia 5 juu ya bei mnayotarajia. Kwa mfano wetu, milioni 11. Ukiongeza asilimia 30 ukidhani utashuka polepole, wanunuzi wenye pesa hawatakupigia hata simu ili mshuke pamoja.

Mbona wasipige? Kwa sababu watu hutafuta nyumba kwa viwango. Mtu mwenye bajeti ya hadi milioni 11 akitafuta mtandaoni, anaweka milioni 11 kama kikomo. Nyumba ya milioni 11.2 haionekani kwake kabisa. Kwa hivyo ukikaribia namba nzima, kaa juu yake au chini yake kidogo, usiivuke kwa laki mbili za bure.

Na kumbuka mnunuzi ana gharama zake. Ushuru wa stempu ni juu yake: asilimia 4 kwa mali ya mjini, asilimia 2 kwa mali ya mashambani. Kwa nyumba ya milioni 10.5 mjini, hiyo ni Ksh 420,000 juu ya bei, bado wakili wake. Mtu mwenye milioni 11 kamili kwenye akaunti, akiondoa hizo, anaweza kukulipa karibu milioni 10.4. Ukijua hivyo, hutaona kama ametukana akikupa ofa hiyo.

Kama anakopa benki, kuna jambo lingine. Benki itatuma mthamini wake. Ikiwa nyinyi mmeitisha milioni 13 na mthamini wa benki akaandika 10.5, benki itakopesha kulingana na 10.5. Pengo lote linalobaki ni la mnunuzi kujaza kutoka mfukoni, na wengi hawawezi. Bei isiyoungwa mkono na mthamini inawafungia nje wanunuzi wa mkopo, mnabaki na wale wa taslimu peke yao, na hao ndio hupunguza bei kwa ukali zaidi.

Kuna mtu atawashauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue, halafu tofauti ilipwe pembeni. Msikubali. Ni kosa kisheria, serikali ina mthamini wake wa kuangalia thamani, na ile pesa ya pembeni hamtakuwa na karatasi ya kuidai mnunuzi akigeuka.

Mdomo mmoja, namba moja

Nyumba moja ikitangazwa na madalali watano kwa bei tano, mnunuzi anajua mara moja kuna mtu anaweka cha juu. Mmesema milioni 11, dalali anatangaza 12, akipata mjinga anabaki na milioni yake juu ya kamisheni. Asipopata, nyumba yenu ndiyo inazeeka sokoni kwa bei ambayo hamkuitisha.

Andikianeni na dalali: bei ya kutangaza ni hii, kamisheni ni hii, hakuna cha juu, na mkataba unaisha tarehe fulani. Kisha ndani ya familia, chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na wanunuzi. Si lazima awe mkubwa, awe mtulivu. Wengine wote, wakiulizwa bei kwenye matanga au kanisani, jibu ni moja: "Mpigie dada, yeye ndiye anajua." Mnunuzi mjanja akisikia kwa kaka mdogo kwamba "hata 9 tunaweza kuangalia," basi mazungumzo yameisha, na bei ni 9.

Soko likikujibu, sikiza

Bei ya kuitisha ni swali mnaloliuliza soko. Baada ya kutangaza, subirini majibu.

Hakuna anayepiga simu kwa wiki tatu au nne? Picha ni mbaya, au bei iko juu. Badilisha picha kwanza, ni rahisi. Kukiwa bado kimya, ni bei.

Watu wanakuja kuona lakini hawarudi? Kuna kitu wanakiona ambacho tangazo halikusema. Waulize. Labda ni maji, labda ni nyaya za stima za zamani. Rekebisheni, au shusheni bei kwa gharama ya kurekebisha.

Ofa zinakuja lakini zote ziko karibu na namba moja, tuseme 10.2? Hilo ndilo jibu la soko. Watu watatu wasiojuana wakitaja bei moja, ni vigumu wote wawe wamekosea.

Simu kumi siku ya kwanza, na kila mtu anataka kulipa leo? Msikimbilie kushangilia. Huenda mmeitisha chini sana. Nyamazeni siku chache, acheni waje wote waone, kisha waambieni kila mmoja alete ofa yake kwa maandishi.

Mkiamua kushusha, shusheni mara moja kwa kiasi kinachoonekana, badala ya elfu hamsini hamsini kila wiki. Kushusha kidogo kidogo kunamwambia mnunuzi asubiri zaidi.

Pesa zikianza kusonga

Hapa ndipo tunapojua vizuri, kwa hivyo tuseme wazi.

Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 mkataba ukitiwa sahihi, na nyingine wakati wa kukamilisha, ambao mara nyingi hupangwa kuwa siku 90. Pesa hizi hupitia kwa mawakili na benki. Haziingii kwenye simu ya dalali, wala ya binamu "anayeshughulikia." Mtu akikwambia mnunuzi ametuma arbuni kwa namba yake binafsi, simamisha kila kitu.

Simu yako inafaa kwa malipo madogo ya njiani: mchango wa familia wa kumlipa mthamini, ada za upekuzi, usafiri wa mzee kuja kutia sahihi. Malipo ya huduma za serikali kuu kupitia eCitizen hulipwa kwa paybill moja, 222222. Mtu akikupa namba nyingine akisema ni "ya ofisi ya ardhi," usitume. Na kila mara soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.

Jihadhari pia na mnunuzi mwema kupita kiasi. Anapiga akiwa "ng'ambo," hajaiona nyumba, anakubali bei bila kupunguza, hata anaongeza. Siku mbili baadaye anasema pesa zimekwama, tuma elfu ishirini za kuzifungua. Mnunuzi wa kweli wa nyumba ya milioni 11 hakuombi wewe elfu ishirini. Usimtumie pesa, wala picha ya hati miliki, wala nakala ya kitambulisho.

Na kwa familia zinazochangia gharama pamoja: mtu mmoja akusanye, kila anayetuma aandike ametuma kwa ajili ya nini, na taarifa ishirikishwe kwenye kikundi cha familia kila mwezi. Nyumba ikiuzwa, kila mtu arudishiwe alichotoa kabla ya kugawana kinachobaki. Ugomvi mwingi wa baada ya kuuza huanzia kwa elfu tano ambayo mtu alitoa na hakuna aliyeikumbuka.

Kabla ya kuandika tangazo

Chukueni jioni moja, mkae pamoja, wa mbali wapigiwe simu ya video. Mezani kuwe na vitu vinne: matokeo ya upekuzi, ripoti ya mthamini, bei za nyumba tatu zilizouzwa, na hesabu ya mfukoni. Andikeni bei tatu, kila mtu aziridhie, kisha karatasi ihifadhiwe na yule mmoja mtakayemchagua.

Mkifanya hivyo, siku mnunuzi atakapouliza ile bei ya mwisho, hakutakuwa na haja ya kutazamana. Mtakuwa mnaijua, mnajua imetoka wapi, na mzee akipata pesa zake hakuna mtoto atakayemuuliza kwa nini aliuza hivyo.